Kishore Kumar: mchekeshaji aliyeimba au mwimbaji aliyechekesha?

Dada mmoja wa Tanga ameuliza hivi: "Nyumbani tulikuwa na kanda za Kishore Kumar, nyimbo za majonzi tupu, marehemu baba akizipiga karibu kila jioni. Juzi nimeangalia picha ya zamani iitwayo Half Ticket, nikaona jibaba zima limevaa kitoto, linadeka ili lisafiri kwa nusu nauli, na jina lililoandikwa ni Kishore Kumar. Ndiye yeye? Kama ndiye, alianza na lipi, kuchekesha au kuimba, na kwa nini kuchekesha aliacha? Baba alikuwa pia akisema serikali ya India iliwahi kumfungia redioni. Kweli?"

Ndiye yeye, dada yangu. Na usidhani umechelewa kugundua, maana huko India kwenyewe wapo wengi waliokulia kwenye nyimbo zake za miaka ya 1970 na 1980 bila kujua kwamba mwenye sauti ile alikuwa steringi wa picha za kuchekesha kabla wao hawajazaliwa. Swali la redio nalo jibu lake ni ndiyo, nitalifikia. Gumu ni hilo la katikati, la kipi kilianza. Watu hulijibu kwa kuyagawa maisha yake mafungu mawili: alichekesha kwanza, akaimba baadaye. Ukihesabu miaka utaona mgawanyo huo una ukweli wake. Mimi siukubali. Ukimfuatilia tangu mwanzo unaona kazi moja tu, nayo ni kuigiza kwa koo. Kila alipochekesha alichekesha kwa sauti, na kila alipoliza watu alikuwa akiigiza.

Alizaliwa tarehe 4 Agosti 1929 Khandwa, mji wa makutano ya reli katikati ya India, katika nyumba ya Wabengali. Jina alilopewa ni Abhas Kumar Ganguly; Kishore Kumar ni jina la sinema. Baba yake, Kunjalal, alikuwa wakili. Watoto walikuwa wanne, Abhas akiwa kitindamimba, na kifungua mimba alikuwa Ashok Kumar, aliyemzidi karibu miaka 18. Huyo Ashok ndiye aliyeamua mengi bila kukusudia, kwani mdogo wake alipokuwa bado anasoma, yeye alikwisha kuwa mmoja wa masteringi wakubwa kabisa wa Bombay. Tena shemeji yao, Sashadhar Mukherjee, aliyemwoa dada yao Sati Devi, alikuwa mtayarishaji wa picha. Mlango ambao wenzake waliubisha miaka, kwa Abhas ulikuwa wazi.

Tatizo ni kwamba hakutaka kuingia kwa mlango huo. Yeye alitaka kuimba, na si kuimba tu, alitaka kuimba kama K. L. Saigal, sauti iliyotawala India nzima katika miaka ya 1930 na 1940. Hakupata mafunzo ya muziki hata siku moja, kinyume na karibu wenzake wote. Ashok alipenda kusimulia kwamba mdogo wake utotoni alikuwa na sauti ya kukwaruza, mpaka siku alipojikata vibaya kidole cha mguu, akalia siku na siku kwa maumivu, na alipopona koo likawa limefunguka. Ukiamini usiamini, kaka mtu ndivyo alivyosema. Lisilo na shaka ni kwamba kijana alikuwa na kipaji cha kuiga: alimwiga Saigal, akaiga santuri za Kizungu za waimbaji wanaorukisha sauti kooni, ule mtindo wa yodeli, halafu akauingiza katika nyimbo za Kihindi ambako haukuwa na ukoo. Alipokuwa akisoma Indore, katika Chuo cha Kikristo, inasimuliwa kwamba alikuwa na deni la rupia 5 na ana 12 (ana ilikuwa sarafu ndogo ya India, 16 kwa rupia moja) kwenye mgahawa wa chuo. Mwenye mgahawa akidai, yeye humjibu kwa kuliimba lile deni katika kila mahadhi anayoyajua. Miaka kadhaa baadaye hesabu hiyohiyo, rupia 5 na ana 12, ikawa kiitikio cha wimbo katika picha yake.

Aliingia sinema mwaka 1946 kwa sehemu ndogo katika Shikari, picha ya kaka yake. Mwaka 1948 mtunzi Khemchand Prakash akampa wimbo wake wa kwanza wa maana, katika Ziddi, kumwimbia Dev Anand aliyekuwa kijana anayechipukia. Usikilize wimbo huo leo: ni Saigal mtupu. Saigal mwenyewe alikuwa amefariki Januari 1947, na vijana wengi walikuwa wakikimbilia kiti chake. Aliyemtoa Kishore huko ni mtunzi S. D. Burman. Alifika nyumbani kwa Ashok, akamsikia mdogo mtu akiimba kwa sauti ya Saigal, akamsifu, kisha akamwambia aache kuiga atafute sauti yake. Ushauri huo aliufuata kwa namna ya ajabu: badala ya kuacha kuiga, alijifunza kuiga watu wote.

Hapa lazima nieleze jinsi nyimbo za picha za Kihindi zinavyotengenezwa, maana bila hilo kisa chake hakieleweki. Sinema ya India ilipoanza kutoa sauti mwaka 1931, mwigizaji aliimba mwenyewe. Saigal alikuwa mwigizaji. Hata Ashok aliimba, ingawa kwa kujikongoja. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 kazi zilikuwa zimeshagawanywa: mwigizaji anafungua mdomo mbele ya kamera, na sauti ni ya mtu mwingine aliyeirekodi studio kabla. Nargis anaonekana, Lata Mangeshkar anasikika. Kishore aliingia mjini wakati huo hasa, kundi la waigizaji wanaojiimbia likitoweka, naye akawa mkubwa wa mwisho katika kundi hilo. Wachekeshaji peke yao ndio walioruhusiwa bado kuwa na wimbo wao wa kufanyia vituko, na mila hiyo haikuwa ya Bombay tu. Katika kisiwa jirani cha Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, picha ya kwanza ya Kisinhala, Kadawunu Poronduwa, ilipoonyeshwa Colombo tarehe 21 Januari 1947, ilitoka moja kwa moja jukwaani, katika kikundi cha Minerva, ikiwa na mchekeshaji Eddie Jayamanne na mwimbaji Rukmani Devi, mume na mke.

Miaka ya mwanzo ya 1950 ilimwendea vibaya. Watayarishaji walimpa picha kwa sababu ya Ashok, picha zikaanguka moja baada ya nyingine, naye akizidi kusema kwamba uigizaji haupendi. Katika mahojiano mashuhuri aliyofanya na mwandishi Pritish Nandy mwaka 1985 alieleza kwamba alisukumwa kwenye uigizaji bila hiari yake, na vituko vingi alivyofanya alivifanya ili wamchoke wamfukuze. Hawakumfukuza. Vituko vyenyewe ndivyo vilivyowachekesha watu, na mtu aliyekuwa akitafuta njia ya kutoka akajikuta anapandishwa bei.

Kuna tukio moja la miaka hiyo ambalo ningependa ulishike, kwa sababu lina mwendelezo. Mwaka 1954 Bimal Roy, mmoja wa waongozaji wakubwa, alimpa Kishore nafasi ya steringi katika Naukri, picha ya kijana anayehangaika kutafuta kazi. Mtunzi wa muziki alikuwa Salil Chowdhury, msomi wa muziki wa India na wa Ulaya pia. Salil aliposikia kwamba Kishore hakusomea muziki, alikataa asiimbe na kazi akataka kumpa Hemant Kumar. Fikiria: wewe ndiwe unayeonekana kwenye picha, unajua kuimba, na mtunzi anataka kukuwekea sauti ya mtu mwingine mdomoni. Kishore alibembeleza mpaka akaruhusiwa kuimba.

Na hayo hayakuwa mara moja. Katika Ragini ya 1958 kulikuwa na wimbo wa mahadhi mazito ya kikale, na mtunzi O. P. Nayyar akaamua aimbe Mohammed Rafi. Ukiitazama utamwona Kishore Kumar, amekaa kwa heshima, anafungua na kufunga mdomo, na sauti inayotoka ni ya Rafi. Mwaka uliofuata, katika Shararat, ikawa hivyo tena. Kwa mtu ambaye baadaye angewatilia sauti karibu masteringi wote wa India, hicho ni kichekesho kikubwa kuliko chochote alichoigiza.

Basi alichokifanya kilikuwa ni kuifanya sauti yake iwe kitu ambacho mwalimu yeyote wa muziki asingeweza kukipima. Angalia Chalti Ka Naam Gaadi ya 1958. Ndugu watatu wa kweli, Ashok, Anoop na Kishore, wanaigiza ndugu watatu wenye gereji. Kaka mkubwa amekula kiapo hataki kumwona mwanamke karibu na gereji yake. Usiku mmoja, mvua inanyesha, Kishore ameachwa zamu, msichana tajiri anaingia amelowa chapachapa kwa kuwa gari lake limezimika njiani. Msichana ni Madhubala. Kijana anamtengenezea gari huku akimwimbia yeye mwenyewe habari za msichana aliyelowa mvua, vyombo vya gereji mkononi, sauti mara inanong'ona, mara inaparama, mara inakatika katikati ya neno na kubaki mlio. Madhubala anajitahidi kununa na anashindwa. Muziki ni wa S. D. Burman, yuleyule aliyemwambia atafute sauti yake. Hakuna mwimbaji mwingine wa wakati ule ambaye angeweza kuimba vile, na hakuna mchekeshaji ambaye angethubutu.

Sasa Half Ticket uliyoiona. Ni ya 1962, na Madhubala yumo tena. Kijana anakimbia nyumbani kwa baba tajiri anayetaka kumwoza, nauli haimtoshi, anajifanya mtoto ili alipe nusu. Kisha mwizi wa almasi anaitumia nguo ya kijana huyo kusafirishia jiwe la wizi, na hapo mbio zinaanza. Mwizi ni Pran, adui mkuu wa picha za Kihindi, mtu ambaye wazazi waliacha kuwapa watoto jina lake kwa kumchukia. Upo wimbo mmoja ambapo Kishore, akimkimbia Pran, anajigeuza msichana mcheza ngoma, na wawili hao wanachezeana na kuitikiana, mwanamume na "mwanamke". Wimbo uliandaliwa kwa sauti mbili, Kishore na Lata Mangeshkar. Siku ya kurekodi Lata hakuwepo. Kishore akasema basi ataimba zote mbili. Akaimba: ya kiume kwa koo lake la kawaida, ya kike juu kabisa, nyembamba, yenye madaha na kiburi kidogo, akibadilisha mstari kwa mstari. Rudi uusikilize sasa ukijua. Utaona hakukusudia kudanganya mtu kwamba ni Lata. Alikuwa akiigiza mwanamume aliyejigeuza mwanamke anayejaribu kumlaghai jambazi, na sauti ina tabaka zote hizo tatu. Mtunzi wa muziki wa picha hiyo? Salil Chowdhury. Mtu aliyemwona hafai hata kujiimbia mwenyewe mwaka 1954, miaka minane baadaye alimwachia maikrofoni aimbe kwa watu wawili.

Ukiniuliza kilele chake cha uchekeshaji nitakuambia Padosan ya 1968, ingawa hapo si steringi. Steringi ni Sunil Dutt, kijana mshamba aliyempenda jirani yake, Saira Banu. Naye jirani anapenda muziki, na mwalimu wake wa muziki, anayeigizwa na Mehmood, naye amempenda. Sunil hawezi kuimba hata kidogo. Rafiki yake Vidyapati, kiongozi wa kikundi cha maigizo mwenye kutafuna tambuu na macho yenye wanja, anapata suluhisho: Sunil akae dirishani afungue mdomo, yeye ajifiche nyuma aimbe. Vidyapati ndiye Kishore. Yaani picha nzima imejengwa juu ya ile siri ya biashara ambayo kila mtazamaji aliijua na hakuna aliyeisema, naye amekaa nyuma ya pazia akifanya kwa mzaha kazi iliyokuwa inamngoja katika maisha yake.

Mashindano ya kuimba ya picha hiyo, dirisha kwa dirisha, ni ya Kishore na Manna Dey, aliyemwimbia Mehmood. Manna Dey alikuwa fundi wa muziki wa kikale, mwenye elimu kamili, na kwa mujibu wa kisa cha picha yeye ndiye alipaswa kushindwa. Haikumpendeza, na ana haki yake. Lakini sikiliza kinachotokea studio: Manna Dey anatandika ngazi za sauti zote kwa usahihi, Kishore anamjibu kwa kelele, kwa maneno yasiyo na maana, kwa kuteleza nje ya mahadhi na kurudi mlango wa nyuma. Elimu haikushindwa pale. Ilikosa tu la kumfanya mtu asiyeheshimu mipaka ya mchezo. Mtunzi wa muziki huo alikuwa R. D. Burman, mtoto wa S. D., na kwa miaka iliyofuata yeye na Kishore wangefanya kazi kubwa sana pamoja.

Majonzi unayoyajua kwenye kanda za baba yalikuwepo wakati huohuo, si kwamba yalikuja baadaye. Jhumroo ya 1961 ni picha ya vituko, ya mlima na yodeli, muziki ametunga mwenyewe. Katikati yake kuna wimbo wa mtu aliyebaki peke yake bila mwenzi, Koi Humdum Na Raha. Wimbo huo ulikuwa wa Ashok, aliuimba katika picha ya 1936, mdogo wake akiwa mtoto wa miaka saba hivi. Kishore aliuchukua na kuuimba polepole, karibu bila pambo, na ukimaliza kuusikiliza ni vigumu kurudi kucheka. Mwaka 1964 alikwenda mbali zaidi: aliandika, akaongoza, akatunga muziki na kuigiza Door Gagan Ki Chhaon Mein, habari ya askari anayerudi kutoka vitani na kukuta nyumba imeteketea, jamaa zake wamekufa, na mtoto wake amekuwa bubu kwa mshtuko. Mtoto aliigizwa na mwanawe wa kweli, Amit Kumar. Watu waliokwenda kumcheka walitoka na macho mekundu.

Nyumbani kwake pia hali ilikuwa hivyo. Aliowa mara nne. Wa kwanza, Ruma, mama yake Amit, mwigizaji na mwimbaji wa Kibengali. Wa pili, mwaka 1960, ni Madhubala, ambaye alikuwa na tundu la moyo. Madaktari wa London hawakuwapa matumaini, na ndoa yao kwa sehemu kubwa ilikuwa ya mgonjwa na kitanda. Alifariki tarehe 23 Februari 1969 akiwa na miaka 36. Baadaye alimwoa Yogeeta Bali kwa muda mfupi, na mwaka 1980 Leena Chandavarkar, aliyekuwa naye mpaka mwisho. Waandishi wa udaku wameyachimba hayo ya kutosha, sina haja ya kuongeza.

Mwaka huohuo wa msiba, 1969, ndipo maisha yalipogeuka. Picha zake za kuchekesha zilikuwa zimeacha kuuza, na watu wa kodi ya mapato walikuwa mlangoni. Ikatoka Aradhana, ya mwongozaji Shakti Samanta, muziki wa S. D. Burman, na steringi kijana aitwaye Rajesh Khanna. Nyimbo ziligawanywa kati ya Rafi na Kishore. Ule wa gari la jeep linalokimbizana na treni ndogo ya Darjeeling, Sharmila Tagore akiwa dirishani na kitabu, ni wa Kishore. Ule wa usiku, moto unawaka na mvua nje, Roop Tera Mastana, pia ni wake, nao ulimpa tuzo yake ya kwanza ya Filmfare, tuzo mashuhuri ya sinema ya Kihindi. Picha ilivuma India yote, Rajesh Khanna akawa kichaa cha taifa, na sauti yake ikawa ya Kishore. Ndiyo jibu la swali lako la kwa nini aliacha kuchekesha: uigizaji hakuupenda tangu siku ya kwanza, na sasa alikuwa amepata njia ya kuigiza bila kupaka poda.

Nasema kuigiza kwa makusudi. Alipowaimbia masteringi hakuwa na sauti moja. Kwa Rajesh Khanna iliteremka ikawa laini, yenye tabasamu la kujua linalokuja. Kwa Dev Anand ilikuwa nyepesi, ya mtu anayetembea. Kwa Amitabh Bachchan ilitoka kifuani, nzito. Mfano mzuri ni wimbo wa tambuu katika Don ya 1978, Khaike Paan Banaraswala. Amitabh anaigiza kijana wa kando ya mto Ganga aliyekula tambuu ya Banaras na kichwa kikachangamka. Inasimuliwa kwamba Kishore aliagiza tambuu studio, akatafuna, akatema kama wafanyavyo watafunaji wa huko, ndipo akarekodi. Anayejua uraibu wa pwani ataisikia mate na popoo mdomoni mwa mwimbaji, na ile kupayuka kidogo kwa mtu ambaye mdomo wake umejaa. Ulimpa Filmfare nyingine. Kwa jumla alipata 8 za mwimbaji bora wa kiume.

Sasa redio. Tarehe 25 Juni 1975 serikali ya Indira Gandhi ilitangaza hali ya hatari: wapinzani wakakamatwa, magazeti yakakaguliwa. Serikali ilikuwa na mpango wake wa uchumi wa vipengele 20, na Wizara ya Habari chini ya V. C. Shukla ikataka watu wa sinema wausaidie kuutangaza. Kishore alikataa. Kuanzia tarehe 4 Mei 1976 nyimbo zake zikaondolewa All India Radio na kwenye televisheni ya taifa, na redio nyingine nchini hakukuwa nayo. Hali ya hatari ilipoondolewa Machi 1977, serikali mpya ikaunda Tume ya Shah kuchunguza maovu ya kipindi kile, na habari ya Kishore ikatokea humo. Sitamfanya mwanasiasa, hakuwa. Alikuwa mtu asiyeimba bila kuambiwa malipo ni kiasi gani na ni kwa sababu gani, na aliyetumwa kumtaka hakuwa na jibu zuri kwa yote mawili. Baba yako alikuwa na kumbukumbu sahihi. Wala redio ya India haikuwa imeanza hapo kugombana na nyimbo za sinema: mwaka 1952, chini ya waziri B. V. Keskar, ilizibana kwa kuona zinaharibu ladha ya watu, wasikilizaji wakahamia Radio Ceylon ya Colombo na kipindi cha Ameen Sayani kilichopanga nyimbo kwa umaarufu, Geetmala.

Huku kwetu pwani, picha za Kihindi zilijaza majumba ya Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam miaka hiyo yote, na vikundi vya taarabu vilichukua mahadhi yake bila kuomba radhi. Aliyekuwa kijana Majestic ya Tanga mwaka 1972 alimsikia Kishore karibu kila wiki, akidhani anamsikia Rajesh Khanna.

Kuhusu wazimu wake, utasoma mengi. Kwamba mlangoni aliweka kibao cha kuwaonya watu wajihadhari na Kishore. Kwamba mtayarishaji alipomlipa nusu, alikuja kazini amepaka poda nusu ya uso: hela nusu, uso nusu. Kwamba aliita miti ya bustani yake majina na kuzungumza nayo. Hilo alimwambia Nandy mwenyewe, akimtembeza. Watu huyasimulia ili tucheke, nami sina ubaya nayo, ila mengi yanaelezeka: sinema ya Bombay ilikuwa imejaa watu wasiolipa, na kichaa ni rahisi kudai kuliko muungwana. Mtu huyohuyo aliyedaiwa kuwa bahili alimwimbia mwongozaji Satyajit Ray katika Charulata ya 1964, wimbo wa mshairi Rabindranath Tagore, na hakuchukua malipo.

Miaka ya 1980 sitaisifu sana. Aliimba mno, na kazi nyingi zilizokuja mezani hazikumstahili. Bado, alipopata wimbo wa kweli, kama Saagar Kinaare wa 1985 akiwa na Lata, unamsikia yuleyule. Alikuwa akizungumzia kuacha yote na kurudi Khandwa. Tarehe 12 Oktoba 1987 alirekodi wimbo na Asha Bhosle. Kesho yake, tarehe 13, siku Ashok alipokuwa anatimiza miaka 76, moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 58. Mwili ulipelekwa Khandwa ukachomwa huko, kwa desturi ya Kihindu.

Ukitaka kumfahamu kwa utaratibu, dada yangu, usianzie Half Ticket tena. Anza na Padosan, ufuatishe Chalti Ka Naam Gaadi, halafu Jhumroo, ambayo hadithi yake ni hafifu lakini nyimbo zinaibeba. Door Gagan Ki Chhaon Mein iache ya mwisho, na uiangalie peke yako au na watu wazima, kwani mwanzo wake haufai watoto. Na ukinunua nyimbo, hakikisha ni rekodi za awali. Sokoni zimejaa nakala zilizoongezewa ngoma mpya chini, na ngoma hizo zinafunika pale hasa anapovuta pumzi au kucheka katikati ya mstari.